Alitoa sauti yangu mu masomo, akaacha kosa yangu

Admin, jina yangu ubakie nayo weye peke yako.

Niko mama wa miaka 36, muzaliwa wa Musienene, niko na bwana na batoto batatu. Nafundishaka kazi ya kuzalisha bamama ku école moja ya bainfirmier hapa Butembo. Mannequin yetu, ule mutu wa plastique wa kujifunzia, ni moja tu na banafunzi ni benyi, njo nikaanza kutengeneza masomo ya ordinateur: picha zenye kutembea, sauti yangu yenye kueleza mu Français na Swahili, na maulizo. Mwanafunzi akikosa, mashine inamurudisha fasi alikosa. Nilifanya ile kazi miaka mbili.

Mwalimu mwenzangu, nitamwita Kambale, akaniomba clé USB yangu yenye ile masomo. "Yaya, unipe nione, banafunzi bangu nabo bajifunze." Nikamupa.

Kiisha bakatuita Beni, ku mukutano ya badocteur na balimu. Projecteur ikawaka: picha ni zangu, mais jina ni ya Kambale. Sauti yangu aliitoa, akatia ya binti moja wa radio. Badocteur bakapiga makofi, na palepale bakamupa kazi ya kusimamia ile masomo mu baécole yote.

Inje nikamuuliza, "Kambale, ulinifanya nini?"

"Yaya, weye unajua kutengeneza, miye najua kuongea mbele ya bakubwa. Kazi ni ya Mungu, haina mwenyewe."

Nilirudi Butembo. Kufika nyumbani, nikafungua masomo yenye alituma ku baécole. Alikuwa aliiba ile ya kwanza, yenye ilikuwa bado na kosa. Mu somo ya mama mwenye kutoka damu nyingi kisha kuzaa, nilikuwa niliandika dose mubaya ya dawa. Docteur moja alinionyesha, nikaitengeneza, mais ku clé ilibakia ile ya zamani. Nilicheka peke yangu. Nikasema nitanyamaza mpaka inspecteur akuje, akute kosa na jina ya Kambale juu yake. Majuma tano yote nilinyamaza, na nilikuwa nalala muzuri.

Juma yenye kupita, mwanafunzi wa Kambale, binti moja wa Kasugho, alikuwa ku stage, kujifunza kazi ku hôpital. Mama moja alizaa, damu ikaanza. Binti akavuta dawa mu serengi sawa vile alijifunza. Infirmière mwenye kuzoea kazi akaona, akamukamata mukono. Mama yuko muzima, mais binti balimufukuza ku stage. Kambale akakataa kumupokea, njo akakuja kwangu.

"Madame, nilifuata ordinateur. Banasema nilitaka kuua mutu."

Saa ileile nikatuma dose ya kweli mu groupe ya balimu na banafunzi bote. Kambale akanipigia. "Yaya, ukiongea, nitasema dose ni yako. Clé yako niko nayo, iko na sauti yako." Na hasemi uongo, dose ni yangu kweli, njo ile inanichoma.

Alhamisi, siku ya ine, directeur anaita kamati, na badocteur ba Beni, juu ya ule binti. Ordinateur yangu inaonyesha siku nilitengeneza kila picha. Nikiipeleka, bataona Kambale aliiba na kosa ilikuwa mu somo: Kambale anaanguka, binti anarudi ku stage. Na miye bataniuliza: "Ulijua tangu lini?"

Musiniambie nisamehe, pasta alishaniambia. Nataka Kambale aanguke mbele ya balebale balimupigia makofi, ata kama ananivuta pamoja naye. Bwana yangu anasema ninyamaze, tuko na batoto. Mais ule binti naye ni mutoto wa batu. Ninyi mungekuwa miye, siku ya ine mungeingia mu ile bureau, ao mungebakia nyumbani?