Tovuti ya Mapazia Iliyogoma Dukani

Pale mtaani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, nyuma ya kaunta ya kioo iliyojaa bahasha, kalamu na gundi, na jina hilo alilipata kwa namna alivyowatibia watu kurasa zao za mtandao. Mtu akija analalamika kwamba fomu ya chuo haifunguki, Daktari hamwambii "mtandao mbovu" na kumgeuzia mgongo kama wafanyavyo wengine. Anamketisha kwenye kiti cha plastiki na kumuuliza maswali ya hospitalini. Limeanza lini? Unatumia kivinjari gani? Umejaribu kwa simu ya mwenzako? Kisha anafungua kivinjari kingine, anafuta kumbukumbu za zamani, anachomoa ruta inayoleta mtandao na kuichomeka tena, na mara nyingi mgonjwa anaamka. Watu wakimshukuru, anatazama chini na kuanza kupanga karatasi ambazo tayari zimepangwa.

Hakuwa mtu wa maneno. Kwenye simu moja tu ndipo ulimi wake ulipofunguka, nayo ilikuwa simu ya mapazia.

Mapazia yalikuwa ya mdogo wake, fundi cherehani mwenye mikono ya ajabu na kichwa kinachovuja. Aliweza kuahidi wateja wawili siku moja kisha akawasahau wote wawili. Ndipo Daktari alipomtengenezea tovuti. Aliijenga pale pale dukani, wateja wakipungua, kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza. Picha alizipiga mwenyewe. Aliyatundika mapazia kwenye dirisha la mama yao ili mwanga uyapitie kwa nyuma. Na chini kabisa ya ukurasa aliweka namba yake ya simu badala ya namba ya mdogo wake. Kuanzia hapo simu ikiita, mwanamke yule mwenye haya alinyoosha mgongo na kusema kwa sauti ambayo hata mwenye duka hakujua anayo: "Mapazia na Mito, nikusaidie nini?"

Kisha kaka yao akaoa.

Hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya wifi, na hilo lenyewe lilikuwa tatizo. Alikuwa mchangamfu, alisomea usanifu wa picha na kurasa, na akicheka yeye, nyumba nzima inacheka. Mama alianza kumwita "mwanangu" kabla hata hajamaliza kufungua masanduku yake. Na mdogo mtu, ambaye tangu utotoni alimfuata Daktari kila aendako, sasa kila sentensi yake ilianza na wifi. Wifi anasema rangi ya zambarau haiuzi. Wifi anasema watu siku hizi hawasomi maneno mengi. Siku moja alikuja dukani akazungukazunguka, akagusa kalamu hii na ile, mwishowe akatapika alilokuja nalo.

"Dada, wifi atanisaidia kuibadilisha tovuti. Kidogo tu. Mambo ya rangi. Hutachukia?"

"Nichukie nini?" Daktari alijibu. "Si yako?"

Tangu siku hiyo hakuigusa ile tovuti. Wifi aliifunga kwa matengenezo, na simu ya mapazia ikanyamaza. Hata ile kompyuta kuukuu chini ya meza ilitoa moshi mchana mmoja ikafa, mwenye duka akaiuza kama chuma chakavu na kujaza maboksi ya karatasi mahali pake. Daktari hakuuliza iliuzwa kwa nani. Alijiambia kwamba amepumzika.

Asubuhi tunayoizungumzia, alikuwa akitoa kopi za vyeti vya msichana mmoja simu yake ilipotetemeka. Mdogo wake alikuwa ameandika kwa pupa, bila nukta:

"Dada imekamilika iko hewani!! Meneja wa ile hoteli mpya anatafuta wa kumshonea mapazia ya vyumba vyote anataka kuona kazi zangu leo sijatuma kiungo kwenye barua pepe yake bado nataka wewe uipitie kwanza wewe ndiye mwenye jicho la makosa ukisema sawa natuma"

Kwenye kundi la familia hali ilikuwa harusi ya pili. Mama, ambaye bila miwani hatofautishi pazia na mlango, alikuwa ametuma mioyo myekundu mstari mzima. Kaka aliandika, "Mke wangu huyo!" Shangazi mmoja akaongeza, "Sasa hii ndiyo tovuti."

Daktari aliisoma hiyo "sasa" mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa nini, basi? Kanga ya kufungia maandazi?

Akaketi kwenye kompyuta ya duka, akaandika anwani, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ukurasa mweupe ukamwambia kwa herufi za kijivu: Tovuti hii haipatikani.

Alitabasamu. Hatutasema uongo: alitabasamu kwa raha. Baada ya kelele zote hizo, kitu chenyewe hakifunguki! Lakini kwenye kundi shangazi alikuwa bado anasifia mito ya manjano, na mtu hasifii mito asiyoiona. Tabasamu likaisha.

Akaanza matibabu. Alibadilisha kivinjari, haikufunguka. Akafuta kumbukumbu za zamani, wapi. Akajaribu kwa simu yake, iliyokuwa ikinywa mtandao huo huo wa duka, nayo ikamletea ukurasa mweupe ule ule. Tovuti nyingine zote zilifunguka, za habari, za vyuo, hata ile ya serikali ambayo kila mtu huilaani. Akachomoa ruta, akahesabu pumzi, akairudisha. Taa za kijani zikawaka moja baada ya nyingine kama zinamcheka. Haikufunguka.

"Dada?" ujumbe ukaingia. Kisha, "Umeiona?"

Mkono wa Daktari ulisimama juu ya simu. Angesema nini? Kwamba mtaa mzima unamletea wagonjwa, lakini ukurasa wa wifi umemshinda kuufungua? Ili wifi acheke kile kicheko chake, na nyumba nzima imfuate?

"Nimeiona," akaandika. "Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

Mdogo wake akaandika: "Haya. Natuma."

Haikuchukua muda msusi wa saluni ya jirani akaingia, mikono inanuka mafuta ya nywele, akitaka kuchapiwa bei za kubandika ukutani. Alipomwona Daktari amekikunjia uso kioo cha kompyuta, akacheka.

"Leo vipi, daktari naye anaumwa? Waifai inasumbua?"

Wifi ndiye anayesumbua, Daktari alitaka kusema. Alisema, "Kidogo."

"Basi mimi niko kwenye bando langu la simu, nakula maisha. Hebu ona, si haya ya mdogo wako? Nimetumiwa sasa hivi." Akamsogezea simu usoni. "Mwanamke, haya mapazia yanaita! Nani kamtengenezea?"

Ilikuwa imefunguka. Daktari aliona rangi ya mchanga, herufi nyembamba zilizopumua, na pazia la buluu lililojaa mwanga. Kabla hajaona zaidi, msusi alikwishavuta simu yake na kutoka kwenda kumpokea mteja.

Kwa mtu wa kawaida hapo pangekuwa mwisho: nunua bando, fungua, angalia. Anunue bando kwenda kumtazama wifi? Afe kwanza. Kwa Daktari lile lilikuwa jibu la kipimo. Kwa bando inafunguka, kwa mtandao wa duka haifunguki. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye njia ya duka, na mwenye tovuti akitaka, anaweza kulifungia lango duka zima. Amenifungia, akajiambia. Kaichukua tovuti yangu, kamchukua mdogo wangu, kamchukua mama, sasa kanifungia na mlango nisichungulie. Alihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi masikioni, na katika joto hilo mlikuwa na utamu fulani, kwa sababu hatimaye alikuwa amempata wifi na kosa.

Simu ikaita. Namba ngeni. Mgongo ukanyooka wenyewe, na kabla hajafikiri, sauti ikatoka:

"Mapazia na Mito, nikusaidie nini?"

"Naitafuta hiyo hiyo," alisema mwanamke mwenye haraka. "Mimi ni meneja wa hoteli. Nimeona kazi zenu kwenye tovuti. Vyumba vyangu vya mashariki vinapigwa na jua tangu alfajiri, wageni wanalalamika. Mnaweza kushona mazito, yenye bitana, yasiyopitisha mwanga?"

Daktari alitazama simu, akairudisha sikioni. Namba yake. Kwenye tovuti ya wifi kulikuwa na namba yake! Yule msomi wa rangi na herufi alikuwa amenakili mambo ya chini ya ukurasa bila kuyatazama. Ilibaki sentensi moja tu, "Samahani, umekosea namba," na hoteli ingekwenda kwa fundi mwingine, na siku ikijulikana, lawama zote zingetua kwa wifi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni.

"Haloo? Upo?" meneja aliuliza. "Kuna fundi mwingine anayesubiri jibu langu saa sita. Sina muda."

"Nipo," alisema Daktari. "Mazito ya bitana tunashona. Nitakupigia kabla ya saa sita nikupe siku ya kuja kupima madirisha."

Alikata simu, akaona mtego aliojitegea. Kumpigia mdogo wake kumwambia namba imekosewa ni rahisi. Swali litakalofuata ndilo zito: Dada, si ulisema umeipitia?

Alitafuta pa kuegemea. Akipata ushahidi kwamba wifi kamfungia, basi uongo wake utakuwa mdogo mbele ya ubaya wa mwenzake. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta na kuiuliza kitu ambacho tangu asubuhi, kwa sababu ya hasira, hakuwa ameiuliza: mimi nikikutajia jina la tovuti hii, wewe unanipeleka wapi?

Ruta ikajibu. Haikutaja mahali popote huko nje duniani. Ilitaja anwani ya humu humu dukani.

Daktari aliinama, akatazama chini ya meza. Maboksi ya karatasi yalimtazama.

Ni yeye mwenyewe aliyeiagiza ruta hivyo. Siku zile za kujenga alikuwa ameiambia ruta: yeyote humu dukani akiuliza jina hili, usihangaike kwenda nje, mlete kwenye kompyuta hii chini ya meza, nione kazi yangu kabla dunia haijaiona. Alipomaliza alisahau kuifuta amri. Kompyuta ikafa, ikauzwa, lakini ruta, kama mtumishi mwaminifu, iliendelea kumpeleka kila aulizaye kwenye lile pengo lenye maboksi. Hata kuchomolewa umeme hakukuisahaulisha. Hakuna aliyemfungia mlango. Mlango alikuwa amejifungia mwenyewe, kwa ufunguo wa mkono wake.

Akaifuta ile amri. Tovuti ikafunguka mara moja, nzima.

Alitamani iwe mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko yake, na alijua hasa ni kwa nini ilikuwa nzuri, jambo ambalo huumiza zaidi kuliko kutojua. Zambarau yake haikuwepo. Maelezo yake marefu hayakuwepo. Aliitafuta picha yake hata moja, asiione. Namba tu ndiyo ilikuwa imebaki pale chini, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia sita. Akapiga.

"Dada!" Nyuma ya sauti cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Meneja wa hoteli amenipigia. Namba iliyo chini ya ukurasa ni yangu."

Cherehani ikanyamaza. "Lakini dada, si uliipitia?"

"Sikuipitia. Ilikataa kufunguka hapa."

"Ikakataa. Na wewe ukaniambia nzuri sana."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema tu?"

Daktari alifunga macho. "Nilidhani wifi amenifungia nisiione."

"Nilikwambia!" sauti ya wifi ilipasuka, kumbe simu ilikuwa kwenye spika. "Si nilikwambia ile 'nzuri sana' haina ukweli ndani yake? Wifi, nikufungie wewe? Unajua nilivyoteseka na hiyo tovuti? Kila nikiweka kitu, huyu mdogo wako: 'Dada asingeweka hapo.' Nikipiga picha: 'Dada alitundika dirishani kwa mama.' Nikaenda kutundika dirishani kwa mama! Nimeolewa na kaka yako, lakini wa kunifuatafuata humu ndani ni wewe, na wewe hata chai hujaja kunywa kwangu!"

Maneno yale yalimwingia Daktari matamu kama asali, na aliona aibu kwa jinsi yalivyokuwa matamu.

"Meneja anataka jibu kabla ya saa sita," akasema.

"Mwambie kesho asubuhi nitakwenda kupima," mdogo mtu alisema kwa sauti ya chini. "Na dada, usinidanganye tena. Ningeipoteza hoteli nzima."

"Sitarudia."

"Namba naibadilisha sasa hivi," wifi akadakia. "Nilinakili tu kutoka kwenye ya zamani, nisamehe."

"Usiibadilishe kwanza. Meneja ameshaizoea sauti hii."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tumalize naye."

"Mtamaliza lini?"

"Hoteli ina vyumba vingi," alisema Daktari, na akasikia mdogo wake akicheka puani, kisha cherehani ikaanza tena.

Alimpigia meneja, wakakubaliana kesho. Halafu akarudi kwenye ile tovuti na kuipekua juu hadi chini, akitafuta kosa jingine. Pazia la buluu lilikuwa kweli kwenye dirisha la mama, na mwanga ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko alivyowahi kuushika yeye. Alipata dosari moja tu. Akamwandikia wifi, kwa mara ya kwanza tangu harusi: "Picha zako ni nzito, zinachelewa kufunguka. Zipunguze."

Jibu halikukawia. "Nifundishe."

Daktari aliiweka simu kando, akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwishowe akaichukua tena.

"Njoo dukani kesho mchana," akaandika. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Uje na bando lako."