Zamu ya Afande

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, ukitaka kujua kama wewe ni mwenyeji au ni mgeni, usimuulize keateka anayeisimamia. Angalia ufagio. Kila Jumamosi asubuhi ufagio na brashi ya choo hukutwa vimeegemea mlango wa mtu mmoja, na huyo ndiye ataosha choo, bafu na mtaro unaopita mbele ya milango yetu. Akimaliza anavisuza, anavipeleka kwa mlango unaofuata, na hakuna mjadala. Nimeona majirani waliokosana hadi salamu ikafa, lakini ufagio wakapokezana. Nimeona bwana harusi akisugua choo asubuhi ya harusi yake, suti imetundikwa mlangoni inamngoja.

Mlango wangu unafuata mlango wa Afande. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika habari hii ya heshima mimi ndiye niliyeumia mgongo.

Afande ni mwanajeshi mstaafu, ingawa hakustaafu kwa kupenda. Alipelekwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Somalia, gari lao likakanyaga bomu, akarudi na mguu mmoja wake na mwingine wa bandia. Ule wa bandia anauvaa akiwa na safari na kuuvua akifika, kama sisi tunavyovua viatu vinavyobana. Akiwa nyumbani anatembea kwa magongo. Anaishi peke yake, chumba kile kile alichokuwa amekodi kabla hajaumia.

Mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine, ndani ya chumba changu, pazia nikiliacha wazi kidogo ili mambo yasinipite. Nilimaliza kidato cha nne nikiambiwa elimu itanifikisha mbali. Imenifikisha hadi bombani na kurudi. Siku nikionekana nje ya geti, majirani huulizana ni nani amefiwa.

Afande alipotoka hospitali tulimpokea kama anayeoa. Tulikodi tenti na viti, pasta akaomba kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiluhya, na fundi wa welding, ambaye mlango wake uko kabla ya ule wa Afande, akatoa hotuba ndefu hadi soda zikapata moto mikononi mwetu. Akina mama walimvisha leso mabegani. Mimi nililia sana, ingawa kabla hajaenda vitani tulikuwa hatuelewani hata kidogo kuhusu kamba ya nguo.

Baada ya sherehe, heshima ikaendelea. Kwenye foleni ya maji ilikuwa, "Pita Afande, pita mbele." Akitoa beseni afue shati, mama fulani analinyakua. Watoto wanampigia saluti akienda chooni na akitoka chooni, na mtu akienda chooni hataki gwaride. Zamu yake ilipofika, fundi alisimama na ufagio mbele ya mlango wa Afande, akavua kofia kama yuko kaburini, akapitiliza, akauegemeza kwangu.

Sikubisha. Niliona ni mchango wangu kwa taifa. Mara ya kwanza nilisugua choo kile kwa uzalendo mtupu. Mara ya pili uzalendo ulianza kuuma kiunoni.

Jambo moja tu tulilifanya sawasawa, na hata hilo halikuwa akili yetu. Fundi ana mashine ya kukata chuma inayopiga kelele ya kuchana masikio. Siku aliyoiwasha ghafla, Afande alijitupa chini pale nje, magongo huku, chai kule. Akainuka akamtukana fundi matusi ya kambini, mengine sijawahi kuyasikia hata Kawangware. Tangu hapo fundi hakati chuma kabla ya kupaza sauti, "Afande, nawasha!" na Afande hujibu kutoka ndani, "Washa!" Tuliona ni mchezo wao tu. Hatukujiuliza kwa nini katika heshima zetu zote, hiyo ndiyo pekee aliyoiitikia.

Jumamosi moja nikafungua mlango, nikamkuta Afande ameshika ufagio uliokuwa umeegemea kwangu. Gongo moja ameliacha ukutani.

"Lete hapa Afande," nikamwambia, nikaushika. "Hiyo ni kazi yetu sisi watu wa ploti."

"Na mimi ni mtu wa wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha, nikavuta. Yeye naye akavuta. Tukavutana pale kama watoto wenye mwanasesere, kisha akauachilia hivi hivi, nikarudi nyuma nikakalia ndoo. Hakucheka. Akachukua gongo lake akaingia ndani.

Wiki hiyo hiyo keateka, mama mmoja mkali anayeishi chumba cha karibu na geti, akapita akitangaza: Afande ametoa notisi. Mwisho wa mwezi ujao anahamia kwa dada yake, Kisumu Ndogo kule Kibera.

Ploti ilishtuka. Tukakutana pale bombani jioni, tukahitimisha, kama watu wenye akili timamu, kwamba hatujamheshimu vya kutosha.

"Tumnunulie saa ya ukutani," mmoja akasema.

"Tumpe kiti kile kikubwa cha kuegemea," akasema fundi, "tukiweke hapa nje, kiandikwe Afande."

"Kwanza mtu aende kwa huyo dadake aongee naye," keateka akakata, akaninyoshea kidole. "Mathe wa masweta, wewe enda. Sisi wote tuna kazi."

"Na mimi je?"

"Wewe uko tu nyumbani."

Ndivyo nilivyojikuta Kibera, mtu kama mimi, nikiulizia njia kila baada ya nyumba tano. Dada yake nilimpata kibandani akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mama mnene mwenye sauti ya kuvuka mto. Nilipomwambia ninakotoka, alinisogezea kigoda akaendelea kupima omena kwa mkebe.

"Kwa hivyo nyinyi ndio mnamfukuza ndugu yangu."

"Sisi? Dada, sisi tunamheshimu! Hata maji hachoti. Hata choo haoshi."

"Wuololo!" akasema, akaweka mkebe chini. "Choo haoshi, nguo hafui. Sasa hapo kwenu yeye ni nani? Maiti?"

Nikasogeza kigoda nyuma kidogo.

"Akija hapa simwambii pole," akaendelea. "Namsukumia karai la omena, namwambia chagua, toa mchanga. Anachagua huku akigombana na wateja wangu. Anasema napima vibaya. Ananikosesha raha kabisa. Akiondoka amenenepa."

"Lakini mguu wake..."

"Mguu umeenda. Mikono nayo iliandamana nao?"

Kisha akanionyesha anapoishi. Ni nyuma ya kanisa la mabati, na kuufikia mlango lazima uvuke mtaro mpana juu ya ubao mmoja. Chumba ni hicho kimoja, cha yeye na watoto wake wanne. "Mvua ikinyesha," akasema, "hata mimi na miguu yangu miwili navuka hapa kwa maombi. Kwangu atavuka mara ngapi kabla hajaanguka? Nimemwambia. Anasema afadhali aangukie mahali anapohesabiwa. Rudini mkamuulize anataka nini. Ana mdomo, na ni mkubwa, nimeishi nao tangu utotoni."

Nilirudi miguu ikiuma, nikawaeleza wenzangu. Fundi alipinga kwanza.

"Sasa watu watasema nini? Ati tumempa shujaa wa nchi brashi ya choo?"

"Kwani shujaa haendi choo?" keateka akamuuliza.

Hoja ikaishia hapo. Usiku wa kuamkia kesho yake sikulala vizuri, maana nilijua ni nani atatumwa tena. Asubuhi nikabisha kwa Afande, nikasimama mlangoni na maneno niliyoyapanga vizuri, yote yakanitoroka.

"Afande, unataka nini?"

"Kwa nani?"

"Kwetu."

Alinitazama kama anayetafuta mtego ulipofichwa. Kisha akaeleza polepole, na hakuomba kama anayeomba. Zile ngazi za chooni zina utelezi na hazina pa kushika. Kukiwa na chuma ukutani, anapanda mwenyewe. Watoto waache saluti wamwite kwa jina au wasimwite. Foleni ya maji asimame kama kila mtu, kwa sababu ndiko habari zote za ploti zinakopatikana, na tangu tuanze kumheshimu hana habari hata moja.

"Na maji," akasema. "Ndoo ikijaa siwezi kuibeba na magongo. Hapo nahitaji mtu. Kwa mengine, nitasema."

"Na zamu?"

"Zamu ni yangu, jirani. Hata kabla sijaenda huko ilikuwa yangu. Uliwahi kunioshea?"

Kwa kweli sikuwahi. Hata enzi za vita vyetu vya kamba ya nguo nilikuwa nikiuona ufagio mlangoni kwake kwa furaha kubwa.

Fundi alitengeneza kile chuma kwa bomba kuukuu la maji, akakishikiza ukutani kwa simenti, akakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Afande alisimamia kazi yote, akakikatalia urefu mara mbili. Kilipokauka, mama mjamzito wa chumba cha nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishika akipanda, na goti langu, ambalo halijawahi kwenda vitani, limekizoea hadi leo. Lakini notisi ilikuwa bado haijaondolewa. Keateka alishaanza kuonyesha watu chumba.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuwa amemaliza zamu yake wiki iliyotangulia, akautazama mlango wa Afande, safari hii bila kuvua kofia, akauegemeza ufagio hapo. Asubuhi hiyo ploti nzima ikapotea. Hakuna aliyetaka kuonekana anaangalia, kwa hivyo wote tuliangalia kwa pazia. Tulimsikia akipanda ngazi, chuma kikilia kidogo. Brashi ikaanza. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo, na mapazia yote yakatikisika kwa pamoja.

Nilikuwa tayari nimeshika kitasa. Nikajizuia. Alisema atasema.

"Jirani!" sauti ikatoka chooni. "Najua uko hapo kwa pazia! Ndoo imepinduka. Leta maji!"

Sijawahi kukimbia na ndoo namna ile. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine bado unasugua, suruali imelowa hadi kiunoni, na uso wa mtu anayefurahia kugombana.

"Mwaga hapa. Polepole! Nani alikufundisha kumwaga? Na pembe hii, nani aliiosha mara ya mwisho?"

Nilikuwa mimi. Nikasema ni fundi.

"Uongo, mathe!" fundi akapaza sauti kutoka nyuma ya pazia lake.

Milango ikafunguka mmoja mmoja, watu wakitoka na vicheko vyao. Keateka naye akaja, mikono kiunoni, akachungulia choo kile kilichokuwa kinang'aa.

"Sasa Afande," akasema, "kuna kijana anataka chumba chako. Anakuja leo mchana. Nimwambie nini?"

Afande hakuinua macho kutoka kwenye ile pembe yangu.

"Mwambie kimejaa," akasema. "Choo nioshe mimi, halafu aje kukitumia mtu mwingine?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe umesimama hapo kufanya nini? Maji yamekwisha."