Mgomba wa Bati wa Fundi Chuwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wenseslaus Chuwa yuko juu ya ngazi ya miti katika uwanja wa shule ya msingi huko Kibosho. Mkono mmoja umeshika mgomba wa bati. Mwingine unaondoa takataka zilizoziba njia ya maji. Mvua inanyesha tangu usiku, naye amelowa hadi mifupani.

Mgomba huo una kimo cha mita nne. Shina lake ni bati lililokunjwa kama bomba, na juu yake yamesimama majani tisa, kila moja likiwa na mfereji katikati. Maji ya mvua hufuata mfereji, huingia shinani, kisha hushuka katika tangi la saruji lenye ujazo wa lita elfu tatu.

Leo, Jumamosi ya pili ya Aprili 1999, ni siku ya hukumu. Kamati ya shule ilimpa fundi majuma manne ya masika. Saa tatu itafika kupima. Tangi likijaa, mgomba utabaki. Lisipojaa, utabomolewa na mabati yake yatakatwa mifereji ya mapaa.

Chuwa ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akitengeneza ndoo, koroboi na makopo ya kumwagilia miche, kando ya barabara mjini Moshi.

"Zamani niliuza ndoo thelathini kwa juma," anasema. "Siku hizi nikiuza tatu, nashukuru."

Biashara ilipofunguliwa, ndoo za plastiki zilijaa madukani, nyepesi na za rangi za kuvutia. Fundi hamlaumu mtu. "Hata kwangu ipo moja, nyekundu. Mke wangu aliinunua akaificha nyuma ya mlango juma zima."

Alibakiwa na mabati laini ishirini na mawili, ambayo mkewe, Bernadetha, alitaka yauzwe. Lakini shule aliyosomea fundi ilikuwa na wanafunzi mia tatu na kumi, na kila mmoja alipaswa kuja na chupa ya maji ya uji. Maji hayo waliyachota katika mfongo, mfereji wa jadi ambao koo hupokezana kwa zamu. Zamu ilipokuwa ya wengine, watoto walifika na chupa tupu. Mapaa ya shule, kwa kutu, hutoa maji mekundu.

Ndipo fundi alipoitolea shule mabati yake yote. Alipoulizwa kwa nini asijenge kibanda cha kawaida cha kukingia maji, alijibu kwamba kibanda angeweza kukijenga yeyote. "Mimi nilitaka mtoto akienda kuchota maji, acheke kwanza."

Waliocheka kwanza walikuwa wazazi. Mvua za vuli ziliponyesha Novemba, maji yalifuata majani hadi nchani, yakawamwagikia watu waliokuja kutazama. Chuwa alikuwa ameyainamisha majani yote, kama alivyozoea kuyaona akipita njiani. Watu waliuita "mwavuli wa Chuwa". Mzazi mmoja alimwuliza kama sasa atatengeneza pia mbuni wa bati, uzae kahawa iliyokwisha kukaangwa.

Bernadetha hakucheka. Jioni ile, mvua ikiendelea, alimwongoza mumewe nyuma ya nyumba, katika migomba yake. Ni yake kweli: katika kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, kahawa ni ya mwanamume, ndizi ni za mwanamke.

"Nilimwuliza, Baba Evelyn, umezaliwa katikati ya migomba, hukuiona?" anasimulia. "Nikaushika mkono wake nikauweka pale jani linapotokea shinani. Palikuwa na maji. Jani lililoinama limechoka, linamwaga nje. Lililosimama ndilo linaloleta maji ndani."

Fundi anakiri bila haya. "Kahawa nitakueleza tawi kwa tawi. Migomba niliijua kwa kula."

Kuanzia Januari hadi Machi aliyabandua majani yote tisa na kuyalehemu upya, yakiwa yameelekea juu. Mawili yalipasuka, aliyatengeneza tena kwa mabati mawili ya mwisho. Baada ya hapo hakuwa na bati hata moja.

Saa tatu kamili kamati inafika. Fundi anawaamkia wazee shikamoo, lakini macho yake hayatoki kwenye tangi. Mwenyekiti, Mzee Primus Mallya, anatumbukiza mti mrefu, anautoa, anaupima kwa mkono.

"Vidole vinne vimebaki," anasema. "Makubaliano ni makubaliano, Wense."

Mwalimu mkuu, Justina Temba, anaikumbusha kamati kwa upole kwamba juma la nne linakwisha jioni, si asubuhi. Wote wanajibanza chini ya upenu na kuletewa uji. Mvua inazidi.

Saa nne na dakika kumi, maji yanaanza kutoka katika bomba la kumwagia maji yaliyozidi, lililo ukingoni mwa tangi, kwanza matone, kisha mkondo. Mzee Primus anaweka bakuli lake chini, anaenda kukinga maji kiganjani, anayanywa.

"Uacheni," anasema. "Ila usijenge mwingine kabla ya kumwuliza mama wa nyumbani kwako."

Mwingine unakuja. Zahanati moja ya Kirua Vunjo, ambako akina mama hushuka korongoni kufuata maji, imemwomba fundi aijengee mgomba kama huu kabla ya vuli. Hana bati. Hilo Bernadetha amekwisha kulipangia: kila siku ya soko atauza mikungu miwili.

"Bati litanunuliwa kwa ndizi zangu," anasema, amesimama uwanjani akimtazama mumewe, aliyepanda tena kusafisha majani, akishuka ngazi. "Kwa hiyo mgomba wa Kirua ni wangu. Yeye atakuwa fundi tu."