Nilifumua Kiondo cha Binti Yangu

Admin, nifiche vizuri, kwa sababu dada wa mume wangu husoma ukurasa huu kabla hata hajanywa chai. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina mume na binti mmoja wa miaka kumi, tunaishi Kariobangi. Nasuka vyondo vya katani. Hiyo ndiyo kazi yangu, si mchezo wa kupitisha muda kama wengine wanavyodhani.

Jamani, nimechoka kuambiwa nipumzike. Mume wangu ananiambia nipumzike huku akiuliza mbona shati lake halijapigwa pasi. Wifi yangu anaishi Makadara. Kila Jumapili hunipigia simu kunionya kwamba katani itanizika, kisha wiki hiyohiyo ananiletea oda tano za akina mama wa chama chake, zote za harusi, zote za haraka. Anayetaka nilale ni yeye na anayetaka vyondo ni yeye. Kila oda naiandika kwenye karatasi na kuichoma kwenye msumari ulio karibu na dirisha. Zamani nilikuwa naanza na ile ya ndani, iliyotangulia. Siku hizi nachomoa za juu, za wale wenye kelele zaidi.

Sasa mnielewe. Kwetu Ukambani, kwa mama yangu na nyanya yangu, kiondo cha kwanza cha msichana huanzishwa na mamake. Mama anasuka kitako, mtoto anapandisha kuta. Hata ukizeeka unajua ulianzishwa na mkono wa nani. Binti yangu analijua hilo, nilimsimulia mwenyewe akiwa mdogo. Mwalimu alipowaambia kila mtoto alete kitu alichosuka, alinijia mimi. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia akae hapo kando, nikimaliza cha mteja nitamwanzishia. Sikumaliza. Hapo nakiri.

Ijumaa akaenda kwa shangazi yake, akalala huko siku mbili. Jumapili tumetoka kanisani, wifi akaja naye, akatoa kiondo kidogo chenye mistari myekundu na kukiweka mezani mbele ya mume wangu. Nikakigeuza nione chini. Wakwe zangu ni watu wa Murang'a, na kitako kilikuwa kimezungushwa vile wanavyozungusha kwao. Wifi akasema polepole, akikoroga chai yangu, "Nimemwanzishia. Mtoto hangengoja wateja waishe."

Mume wangu akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilichukua mkasi nikakata ukingo, nikakifumua mstari baada ya mstari hadi kwenye kitako, na kitako nacho nikakifungua, mtoto akiangalia. Nikamwambia namwanzishia kingine sasa hivi, cha kwetu. Hakulia. Alisema tu, "Mum, mimi nilikuwa nimengoja," akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi. Nilisuka jioni yote, kitako na kuta. Kilikuwa kizuri kuliko cha shangazi yake, na Jumatatu alikiacha mezani akaenda shule mikono mitupu.

Najua mtaniita mchawi. Niiteni. Wifi ameshautangazia ukoo mzima kwamba nina kichaa cha katani, na kiondo anachobeba kila Jumapili kwenda kanisani nilimsukia mimi. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu wangu kuna mtu aliuchonga vizuri kabla sijaushika.

Juzi, kwa hasira, niliamua kuumaliza msumari wote. Nikatoa karatasi moja moja hadi nikafika ukutani. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa penseli. Jina la binti yangu, halafu: "Kiondo kidogo. Mum anianzishie tu, nitamaliza mwenyewe. Si ya haraka." Alikuwa ameichoma pale kabla ya hizo oda zote za harusi.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Mtoto ameomba kwenda kwa shangazi yake likizo nzima. Mume wangu amekubali, na wifi anasema eti kwake atapata mtu wa kukaa naye. Nikimzuia, atanichukia. Nikimwachilia, atarudi na kiondo chake cha kwanza na mkono wangu hautakuwemo. Karatasi yake nimeirudisha kwenye msumari, peke yake. Anaipita kila asubuhi na haiangalii. Nyinyi mlio na watoto niambieni, nimzuie au nimwache aende? Na atakayeniandikia nipumzike ajue simjibu.