Mlima Kwenye Karatasi ya Mandazi

Karatasi iliyofungia mandazi haya imelowa mafuta, na harufu yake inanirudisha darasani Loitokitok, wiki ile tuliyohamia kutoka Moshi.

Mwalimu alituambia tuchore Kilimanjaro. Sikuwa na daftari bado, nikachora kwenye karatasi ya mandazi aliyonifungia mama. Niliuchora kama nilivyouona tangu kuzaliwa: Kibo kushoto, Mawenzi kulia.

Darasa zima likacheka. "Mgeni amegeuza mlima! Kwani huko Tanzania milima inatembeanga?"

Nikatazama dirishani. Kweli, Mawenzi ilikuwa kushoto. Machozi yakanilenga; niliona hata mlima wangu nimeupoteza njiani.

Msichana niliyeketi naye akainyakua karatasi, akaigeuza na kuibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapenya mafuta, na vilele vyangu vikakaa sawasawa na vile vya nje.

"Wacheni kelele," akasema. "Ni huu tu. Ameuchora akiwa nyuma."

"Nyuma ni huku kwenu!" nikajibu, na darasa likacheka tena, safari hii pamoja nami.

Nimehama nchi nyingi tangu hapo. Kila nikifika penye mlima, huuliza kwanza njia ya kuuzunguka.