Jiwe la Mfalme Katika Shamba la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuwatembeza watu mahali ambapo wenyeji wanapita bila kutembezwa. Nawachukua wageni Gisenyi mjini, nawapeleka Rubona wakaloweke miguu kwenye chemchemi za maji ya moto, na kesho yake nawapandisha Bugeshi, chini ya volkano, kwenye vijia vya mashamba ya viazi. Wanakuja na fimbo mbili mbili kama wagonjwa waliotoka hospitali jana. Njiani tunapitwa na akina mama wenye magunia kichwani na kandambili miguuni. Wanatusalimu kwa adabu, wanatupa pole, kisha wanapotea mbele yetu. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama wale nao wamekuja kutembea. Nikamwambia ndiyo, wanatembea tangu utotoni.

Mimi nilizaliwa Tanzania, upande wa Kagera, na familia yetu ikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima tayari. Kinyarwanda changu kiliwachekesha watu, kwa hiyo nilipooa binti wa Bugeshi, mama mkwe alinihurumia. Yeye alilelewa na shangazi yake Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Basi tukawa tunazungumza hivyo, mimi na changu cha shuleni, yeye na chake cha sokoni, na nadhani tulielewana kuliko ninavyoelewana na mke wangu.

Kitu kimoja sikuambiwa nilipoanza kazi hii: volkano hazionekani. Zipo, kila mtu anajua zilipo, ila siku nyingi zimejifunika mawingu kuanzia kiunoni kwenda juu, na mtu aliyetoka mbali hataki kuonyeshwa kiuno cha mlima. Mara ya kwanza nilipopandisha kundi peke yangu, tulikaa saa nzima ukingoni mwa shamba la mama mkwe tukitazama weupe mtupu. Nilikuwa nimewaahidi volkano tatu kwa mpigo: Karisimbi, Mikeno na Nyiragongo. Bwana mmoja mwenye miwani akaanza kutazama saa yake kila baada ya muda mfupi. Jasho likanitoka, na baridi yote ile.

Katikati ya shamba hilo pana jiwe. Mawe Bugeshi hayahesabiki. Ni lava ya kale, nyeusi, watu wamejengea nyua na kuta za mashamba, na yaliyobaki kazi yake ni kuvunja majembe. Hili limeyazidi mengine kwa ukubwa, na juu ni bapa. Mama mkwe hukaa hapo akichoka kulima, na msimu wa maharage huyaanika papo hapo. Nikalinyooshea kidole, na bila kupepesa macho nikasema kwamba hapo ndipo alipoketi mfalme wa zamani, akitoka kukagua ng'ombe wake, akaletewa maziwa akanywa.

Bwana wa miwani akasahau saa yake. Wakauliza ni mfalme yupi. Nikajibu kwamba wazee hawamtaji jina, kwa heshima. Walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Mama mmoja wa kundi hilo alikuwa ameshalikalia jiwe. Aliinuka haraka akiomba radhi, nami nikamsamehe kwa niaba ya ufalme.

Tangu siku hiyo mawingu hayakunisumbua tena. Kila safari nikatia chumvi kidogo: leo mlinzi mwenye mkuki, kesho ng'ombe wa pembe ndefu aliyegoma kuondoka mpaka mfalme alipomwimbia. Hayo yote niliyasema kwa Kifaransa au Kiingereza, na mama mkwe alikuwa palepale analima, anatupungia mkono. Aliamini naeleza habari za viazi.

Sijui hadithi ilishukaje kutoka kwa wageni mpaka kwa majirani. Ninachojua ni kwamba mwaka wa tatu mzee mmoja jirani ya mama mkwe alinisimamisha njiani ili anisimulie habari za lile jiwe, kama alivyosimuliwa na babu yake. Ng'ombe alikuwemo. Mlinzi alikuwemo pia, ila mzee alinisahihisha kwamba walikuwa wawili. Nilimshukuru. Uongo wangu ulikuwa umeshapata mashahidi.

Halafu ikaundwa kamati ya vivutio ya Bugeshi, watu watano na daftari moja. Walipita kwenye vijia vyote wakiandika. Chemchemi ya kuchotea maji iliandikwa, mti ulioungua kwa radi uliandikwa, na jiwe la mfalme likawekwa namba moja. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wote wanapotoka na majembe kwa kazi ya pamoja, jiwe lizungushiwe uzio. Ndani ya uzio papandwe ukoka na maua, hatua kumi kila upande, na pasimame kibao. Mbona maua, sikuuliza. Inaonekana mfalme aliyapenda.

Shamba la mama mkwe lote halizidi hatua thelathini toka ukuta hadi ukuta. Udongo mzuri uko katikati, kwa sababu jiwe ndilo linalouzuia usiende na mvua. Pembezoni ni lava inayochungulia. Kuchukua hatua kumi kila upande ilikuwa kuchukua shamba na kumwachia ukuta. Mwanamke huyo ni mjane, na shamba jingine hana.

Alishuka hadi kwetu Mbugangari, Gisenyi mjini, na kapu la viazi, kama kawaida yake. Safari hii alikataa chai. Aliniketisha mbele yake, mimi mkwe wake, na kwa desturi tunaheshimiana mpaka kutazamana usoni ni kazi, na akanitazama usoni.

“Mukwe wangu, ile jiwe niliikuta pale wakati niliolewa,” alisema. “Hakuna mufalme alikaa pale. Ni mi njo nakalaka pale.”

Nikasema ni kweli, Mama, anayekaa pale ni wewe.

“Bon. Utaenda ku umuganda, utasema kama ni buongo, mbele ya watu yote.”

Nikaahidi kusema kwamba ni uongo. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote, na niliamini nitafanya. Ndipo akakubali chai, akanywa vikombe viwili.

Siku ilipofika nilipanda Bugeshi na mke wangu asubuhi mapema. Vigingi vya uzio vilikuwa vimeshachongwa, vimelazwa juu ya viazi vyake vilivyoanza kutoa maua. Kabla ya kazi kuanza, mwenyekiti wa kamati alisema kwamba haifai watu wafanye kazi bila kujua maana yake, kwa hiyo mtaalamu wetu atatueleza historia. Mtaalamu nilikuwa mimi.

Nikasimama. Kijiji kizima kilikuwa kimeegemea majembe kinanisubiri. Yule mzee wa walinzi wawili alinitikisia kichwa kunitia moyo. Nikawafikiria wageni wa Jumatatu, nikaifikiria kazi yangu, nikafikiria jinsi nitakavyoitwa mwongo sokoni kwa miaka kumi ijayo. Nikasema jiwe hili lina historia ndefu sana, jambo ambalo kwa lava ni kweli, nikaketi. Watu wakapiga makofi.

Mama mkwe akasimama. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kwenye mkutano. Alizungumza Kinyarwanda, taratibu, akiwa ameinamisha macho, na kwa bahati mbaya siku hiyo nilielewa kila neno. Alisema kijana ameeleza vizuri lakini amesahau mwisho. Kwamba mfalme alipomaliza maziwa aliletewa viazi vya shamba hili, akala, akavipenda, akaamuru mahali hapa pasikose viazi milele, na atakayevinyima udongo asipate mvua. Alisema hayo aliachiwa na mama wa marehemu mumewe.

Mwalimu wa shule, ambaye bila shaka anajua viazi vilikuja nchi hii lini, alikohoa, akatazama viatu vyake. Kisha mzee wa walinzi wawili akasema ni kweli kabisa, na vilikuwa viazi vya ganda jekundu. Mwenyekiti akaandika: ganda jekundu. Baada ya robo saa vigingi vilikuwa vinapelekwa kuzungushia mti wa radi, na kamati ilikubaliana kwamba mama huyu alime kama kawaida, kwa manufaa ya historia.

Nilimkuta kwenye kijia cha kurudi nyumbani, jembe begani. Nilimshukuru kwa maneno mengi, mengi mno, nikamwambia ametuokoa sote. Hakugeuka.

“Sasa tuko wawili,” alisema.

Tulilala kwake, na asubuhi tukaenda kanisani pamoja. Mama mkwe anaongoza akina mama wa rozari, na tangu nimfahamu hajawahi kukosa komunyo hata Jumapili moja, hata mwaka ule alioumwa goti na kubebwa. Ulipofika wakati, watu wakasimama wakatoka kwenye mabenchi. Yeye alibaki ameketi. Wenzake walipita mbele ya magoti yake, wengine wakamtazama mara mbili, na mmoja akainama kumwuliza jambo. Alitikisa kichwa tu. Mke wangu akaninong'oneza kama mama anaumwa. Nikasema sijui.

Nilikuwa nimeshaingia kwenye mstari, mikono imekunjwa kifuani. Mwenye dhambi asiyoiungama hapaswi kupokea, na yeye alibaki kwa uongo mmoja; mimi miaka mitatu nilikuwa nimedanganya kila wiki, na kila Jumapili nilipokea na kurudi mahali pangu nikiwaza chakula cha mchana. Niliona aibu, niseme wazi. Ningeweza kugeuka nikakae kando yake. Lakini watu wangeuliza kwa nini. Mbele yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati, mbele yake mzee wa walinzi wawili, na mstari ulikuwa unakwenda. Nikasogea. Padri akainua hostia, nami nikafungua mdomo.