Fizi za Parapanda

Kama kuna kitu kilichomkera Parapanda maishani, ni kuambiwa neno lolote kuhusu kinywa chake. Kinywa kile ndicho kilicholisha nyumba. Alikuwa amepuliza tarumbeta katika bendi moja tangu ana nywele nyeusi mpaka mvi zikamjaa, na jina lake la kuzaliwa hata shemeji zake walikuwa wamelisahau. Watu walikaa ukumbini Jumamosi nzima wakisubiri wimbo wa mwisho, pale anapopanda hadi noti ile ya juu kabisa na kuining'iniza mpaka wachezaji wanasimama.

Basi noti hiyo ikaanza kumtoroka. Anaipanda, inateleza, inatoka kama mlio wa bawaba kavu. Parapanda akaona mbaya wake ni tarumbeta. Akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, fundi akaipekua akasema haina tundu wala ufa. Akabadilisha kile kikombe kidogo cha kubandika midomo, akajaribu chembamba, akajaribu kinene. Wapi! Sasa akawa anakikandamiza chombo mdomoni kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo alipozidi kujiharibia, maana nyuma ya midomo kuna meno, na meno yenyewe yalikuwa yameshaanza kulegea.

Damu kwenye mswaki aliiona zamani. Si kwamba hakuiona. Hesabu yake ilikuwa kwamba kidonda hakisuguliwi, na fizi zikitoka damu zimechoka, zipumzishwe. Kwa hiyo alipitisha mswaki juu juu, siku nyingine hakuugusa kabisa, akasukutua kwa maji ya chumvi na kujiona bingwa. Tena alijivunia! Kila mwanafunzi aliyemfundisha kupuliza tarumbeta alimpa na somo hilo juu yake.

Mkewe alimwambia mapema. Alianza kwa adabu, akamnunulia mswaki mpya laini. Kisha akawa anageukia ukutani wakilala. Mwisho uvumilivu ukamwisha, akamwambia wazi kwamba, baba watoto, mdomo wako unanuka, na hiyo si harufu ya vitunguu. Parapanda akanuna wiki nzima. Jamani, mtu anakwambia nyumba yako inafuka moshi, nawe unamnunia?

Siku jino la mbele lilipocheza waziwazi katikati ya mazoezi, ndipo roho ilipomruka. Alikwenda kliniki bila kumuaga mtu, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

Daktari wa meno alikuwa mama mmoja wa miwani, mtu asiye na papara. Alimpima fizi kwa kichuma chembamba, akamuuliza kama anavuta sigara na kama amewahi kupima kisukari, kisha akampa kioo ajionee. Akamweleza kwamba jino lenyewe ni zima, kilichoharibika ni makao yake. Ukoga ukiachwa kwenye shina la jino unakuwa mgumu, unajipenyeza chini ya fizi, fizi zinavimba na kutoka damu, na taratibu mfupa unaolishikilia jino unalika. Damu ile ilikuwa inamtaka asafishe vizuri zaidi na aje haraka. Yeye akaijibu kwa kuweka mswaki chini.

"Mfupa utarudi?" Parapanda aliuliza.

"Ulioondoka umeondoka, baba. Tunagombania uliobaki."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano ya ganzi. Alisafishwa chini ya fizi kwa awamu, upande huu leo, upande ule safari nyingine. Akafundishwa kuulaza mswaki laini kwenye ukingo wa fizi, asubuhi na kabla ya kulala, na kupitisha uzi katikati ya meno. Tarumbeta akaambiwa aiweke kando kwanza. Alifuata yote, lakini kwa hasira, anasugua huku anasonya, kwa sababu kazi ndogo namna ile angeweza kuifanya miaka yote. Damu ikakoma. Uvimbe ukashuka. Jino likatulia. Ila fizi zilipopungua ziliacha mwanya, pumzi ikawa inachepukia hapo, na ile noti ya juu haikurudi tena.

Wimbo wa mwisho akapewa mpwa wake, binti wa dada yake, mama mzima mwenye watoto, ambaye Parapanda mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupuliza. Yeye akashushwa kuwa tarumbeta ya pili. Kila mazoezi alikaa kando ya mpwa wake amejaa kinyongo, na lililomuudhi zaidi ni kwamba mpwa alikuwa anapuliza vizuri mno.

Alasiri moja mpwa akaipanda noti ile, ikateleza kidogo tu. Wengine hawakusikia. Parapanda alisikia. Akamtazama anavyokifuta kikombe cha tarumbeta kwa leso nyeupe, na leso ikabaki na doa jekundu.

"Damu hiyo imeanza lini?"

"Aa, hiyo ya siku nyingi, Mjomba. Si kitu. Nimeuacha mswaki kidogo, nazipumzisha fizi." Mpwa akatabasamu. "Si wewe ulinifundisha?"

Parapanda alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Alikuwa ameshamkasirikia fundi, ameshamkasirikia mkewe, ameshamkasirikia mpaka daktari, na sasa alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Nilikufundisha ujinga, mwanangu," akasema. "Inuka."

Kiongozi wa bendi akauliza kuna nini tena, na wimbo bado nusu. Parapanda aliichukua tarumbeta ya mpwa wake akaitia kwenye mkoba, akamshika mkono wakatoka, akimhimiza akaze mwendo, maana kliniki ilikuwa karibu kufungwa.